Yaliyotangazwa Mlimani Jumamosi

Mwangaluka.
Betri za kipaza sauti zimekufa, nitatumia koo.
Mlio juu kabisa, kwa kina Ng'washi,
pokezaneni maneno nyumba kwa nyumba
kama mnavyopokezana ndoo.

Kwanza, maji yatakatwa Jumanne hadi Alhamisi.
Mwenye pipa ajaze.
Mwenye mapipa mawili akumbuke jirani hana.

Pili, mbuzi jike, mweusi, sikio la kushoto limekatika,
ameonekana juu ya jiwe la nyuma ya zahanati
na hakuna anayejua alipandaje.
Mwenyewe aje na kamba, na maelezo.

Tatu, Bahebe amerudi salama kutoka Ukara.
Ana dagaa. Hakopeshi.

Nne.
Ya nne mniache kwanza nipumue.

Kesho inatimia miaka saba
tangu mvua ile ya Aprili, saa tisa usiku,
jiwe lilipokiacha kiti chake
likaingia kwa Lugwisha bila hodi.
Wanne walikuwa kitandani, mmoja mkekani karibu na mlango
kwa kuwa paa lilivuja upande wake.
Wa mkekani ndiye tunaye.
Nawasoma: Lugwisha. Ngolo. Sayi.
Na mdogo, ambaye bado alikuwa anaitwa Mtoto.

Tulisema mashine itakuja kuliondoa.
Mashine ilikuja, ikaitazama njia yetu, ikarudi.
Baada ya arobaini Minza aliazima nyundo,
akachoma matairi juu ya jiwe, akalimwagia maji ya baridi,
likapiga kelele, likapasuka;
akaketi chini, akaanzia pembeni.
Miaka mitatu tulilala na tukaamka kwa mlio huo.
Hakuna aliyemwambia aache.
Hakuna aliyemsaidia pia, tuseme ukweli,
ila tulinunua.
Debe kwa debe, kokoto safi, zimelingana.
Hata mimi nilinunua, na nikaomba apunguze bei.

Ngazi za zahanati ni jiwe lile.
Msingi wa choo cha shule ni jiwe lile.
Kibaraza ninachosimama nikiwasomea
ni jiwe lile, saruji, na mchanga wa ziwani.

Kwa hiyo mnaoniuliza kumbukumbu itafanyikia wapi,
mnara uko wapi, majina yachongwe wapi,
sina pa kuwaonyesha, tumepatumia pote.
Kesho saa tatu, kila mtu mlangoni kwake
avue viatu, asimame.
Basi. Hakuna hotuba. Hakuna mchango.

Tano, usalama, na hapa sibembelezi.
Msichimbe mchanga chini ya mawe yaliyokaa.
Najua ni mlaini, najua bei ya gari la mchanga. Msichimbe.
Ufa ukutani uwekee alama ya mkaa na tarehe;
ukiivuka alama, njoo uniamshe, hata usiku.
Mvua ikinyesha usiku kucha na asubuhi haijakata,
watoto wakalale bondeni, kanisani au msikitini.
Funguo zote mbili anazo Majura,
naye ameahidi kutolewa kabla ya giza.

Na jiwe halitoki kimya.
Hutafuna kwanza,
mlio kama wa mtu anayesaga meno usingizini.
Ukiusikia usitafute simu, usitafute kitambulisho,
beba anayebebeka.
Wala usikimbie kuteremka, litakushinda mbio.
Kimbilia ubavuni.

Hilo la meno sikulisoma popote.
Minza ndiye aliyeniambia, juzi, tukipanga foleni bombani,
bila kugeuka.
Aliusikia mlio ule usiku ule, akiwa macho.
Alidhani ni mumewe.

Huko juu, mmesikia?